Mkuyu Mmoja au Njia ya Mikaratusi: Picha Ipi ya Miti Itundikwe Sebuleni?

Anayetafuta picha ya miti ya kutundika sebuleni huanza kwa kuuliza ni miti gani iliyochorwa. Swali linalofaa zaidi ni picha yenyewe inamsimamisha wapi mtazamaji: chini ya mti, ng'ambo ya maji, juu ya kilima, au katikati ya njia. Mdogo wangu na mkewe, waliojenga Nyegezi, kusini mwa jiji la Mwanza, waliniita niwasaidie kuchagua kati ya picha mbili za mchoraji mmoja wa hapa hapa mjini, na kwa kuwa mashaka yao ndiyo ya wengi wanaonunua picha ya mandhari kwa mara ya kwanza, nimeona niuandike ulinganisho huo kwa kirefu. Picha zote mbili zimechorwa kwa rangi za akriliki juu ya kanvasi, zote zina upana wa sentimita 90 na kimo cha sentimita 60, bei yao inalingana, na zote zinaonyesha mwambao wa Ziwa Victoria. Bei na ukubwa, kwa hiyo, havikuweza kuamua. Kilichobaki ni hisia na maana.

Picha ya kwanza ina mkuyu mmoja uliosimama juu ya majabali, mizizi yake ikiwa imeshuka katika nyufa za mawe hadi karibu na maji. Ni jioni, jua limekwisha kugusa vilima vya upande wa Sengerema, na mti wenyewe umebaki umbo jeusi lenye ukingo mwembamba wa rangi ya chungwa upande wa kushoto. Anga limechukua theluthi mbili za kanvasi. Hakuna mtu, hakuna mtumbwi, wala hakuna bati la nyumba linalong'aa kwa mbali, jambo ambalo kwa mwambao wa Mwanza linahitaji mchoraji aamue kwa makusudi kutoyaona mengi.

Picha ya pili ni ya njia ya udongo inayoteremka kuelekea ziwani, mfano wa zile za upande wa Kayenze, ikiwa na mikaratusi mirefu pande zote mbili. Ni asubuhi. Vivuli vya miti vimelala juu ya njia kutoka kulia kwenda kushoto, mwanamke aliyejitwisha ndoo anapanda kuja upande wetu, na mwisho wa njia, kati ya mashina mawili, lipo pande dogo la maji ya buluu lenye upana wa kidole gumba.

Shemeji yangu alitoa hukumu kabla hata hatujaketi. "Shemeji, huo mti uko peke yake mno," alisema. "Mgeni akiingia ataanza kutupa pole." Mdogo wangu hakukubali: "Kaka, hebu mweleweshe. Huo ndio mti uliosimama. Ile nyingine ni barabara tu." Kila mmoja alikuwa ameona kitu cha kweli, lakini wote wawili waliuhusisha ukweli huo na mti, wakati chanzo chake kiko kwingine.

Yapo majaribio mepesi ambayo mnunuzi anaweza kuyafanya akiwa dukani, na mojawapo ni kuufunika mti kwa kiganja kisha kuangalia kinachobaki. Ukiufunika mkuyu, upweke haupungui: bado kuna anga kubwa, maji yaliyotulia, na mstari wa upeo ulio chini sana. Mchoraji ametuweka chini ya usawa wa mti, kana kwamba tumo ndani ya maji, na hakutupa pa kukanyaga. Majabali yanaanzia mbali kidogo na ukingo wa chini wa kanvasi, na katikati yetu na mawe hayo kuna maji. Mtazamaji anaweza kuutazama mti, anaweza kuustahi, lakini hawezi kuufikia. Umbali huo ndio shemeji aliousikia kama msiba, na ndio huo huo mdogo wangu aliousikia kama heshima.

Ukifanya hivyo hivyo kwenye picha ya pili na kuifunika safu nzima ya mikaratusi, njia inabaki, na njia hiyo inaanzia pale pale kanvasi inapoanzia, pana kiasi cha mtu kuingia. Miguu imekwisha kuingia pichani kabla ya macho kufika kwenye miti. Ndiyo maana watu husema picha kama hii inapumzisha, ingawa ukiitazama vizuri haina utulivu mwingi: kuna mteremko, kuna mzigo kichwani, kuna mashina yanayorudiarudia kama mapigo ya ngoma. Kinachopumzisha ni kwamba tunajua tunakokwenda.

Mpangilio huo ni wa kale. Mchoraji wa Uholanzi Meindert Hobbema alichora mwaka 1689 njia ya kijiji cha Middelharnis, picha ambayo leo imo katika jumba la National Gallery mjini London, na mtu akiiweka kando ya ile ya Kayenze ataona undugu wake mara moja: njia iliyonyooka inayotokea chini ya kanvasi, miti mirefu myembamba iliyobaki na majani kileleni tu, mtu mmoja anayetujia, na upande wa kulia mfanyakazi anayeihudumia miche yake. Anga la Hobbema ni kubwa kuliko ardhi, kama lilivyo anga la mkuyu wetu, lakini hakuna anayeiita picha yake ya huzuni, kwa sababu njia inatupokea. Hilo linaonyesha kwamba ukubwa wa anga peke yake haufanyi upweke. Upweke huja pale anga linapokuwa kubwa na ardhi ikakosa mahali pa kuingilia.

Mti mmoja nao una ukoo wake. Mjerumani Caspar David Friedrich alichora mwaka 1822 mwaloni mkongwe uliokauka kileleni, ukiwa umesimama katikati ya bonde, na picha hiyo imehifadhiwa Berlin. Wengi wanaoiona kwa haraka huikumbuka kama picha ya huzuni, na hapo huwa wamekosa kumwona mchungaji aliyeegemea shina, kondoo wake kando ya dimbwi, na kijiji kilichojificha mbali chini ya milima. Mti umekufa juu, lakini chini unatoa kivuli na mahali pa kuegemea. Jambo jingine la kukumbukwa ni kwamba Friedrich aliichora kwa agizo la mkusanyaji mmoja wa sanaa, mwenye benki aitwaye Wagener, ikiwa na mwenzake: picha ya mwezi unaochomoza juu ya bahari. Moja ilikuwa ya asubuhi, nyingine ya jioni, na zilikusudiwa kutazamwa pamoja. Nilimwambia mdogo wangu kwamba kwa maana hiyo hata mchoraji wetu hajafanya ajabu kuchora asubuhi ya njia na jioni ya mkuyu. Ajabu ni sisi tunaotaka kuzitenganisha kwa sababu ya ukuta mmoja.

Lakini maana ya mti mmoja huko Ujerumani haiwezi kuhamishiwa Usukumani kama ilivyo. Anayesafiri kutoka Mwanza kwenda Shinyanga hupita katika nchi iliyo wazi kwa muda mrefu, na uwazi huo haukutoka mbinguni. Katika karne iliyopita misitu ilifyekwa kwa maeneo makubwa ili kuwaondoa mbung'o, wadudu waenezao malale, na kupisha mashamba ya pamba, mifugo ikaongezeka, kuni zikakatwa, na hali ikawa mbaya kiasi kwamba mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI, ambao ulifufua desturi ya wafugaji ya ngitili: kulifunga eneo la malisho wakati wa mvua ili majani na miti vipate kukua, kisha kulifungua kiangazi. Katika nchi yenye historia hiyo, mti mkubwa uliosimama peke yake mara nyingi ni mti ulioachwa. Mtu alikuwa na shoka mkononi akaamua kuupita. Huenda aliuacha kwa ajili ya kivuli cha ng'ombe, kwa ajili ya kikao cha wazee, au kwa ajili ya matambiko ambayo hakutaka kuyagusa. Kwa macho ya mtu wa huku, basi, mkuyu juu ya jabali hausemi kwamba hakuna watu. Unasema kwamba watu walikuwapo na waliuheshimu.

Na mikaratusi? Huu ni mti wa kupandwa. Asili yake ni Australia, hukua kwa haraka, na huku kwetu hupandwa kwa ajili ya nguzo, fito, mbao na kuni. Safu zake zilizonyooka ni kazi ya mikono na kamba ya kupimia, na kila anayezipanda anajua kwamba siku moja atazikata. Mwaka 1891 Claude Monet alipokuwa akichora mfululizo wa picha za mipopla, miti mirefu myembamba, kando ya mto Epte huko Ufaransa, miti hiyo ilitangazwa kuuzwa kwa mnada, na ikambidi aingie makubaliano na mfanyabiashara wa mbao, akamlipa ili miti ibaki imesimama mpaka amalize kazi. Wengi wanaozipenda picha zile kwa ajili ya mwanga wake hawajui kwamba wanatazama mbao zilizokuwa zikisubiri msumeno.

Hapo ndipo ulinganisho wetu unapogeuka. Picha inayoonekana ya huzuni ni ya mti ambao ulinusurika na unaotarajiwa kubaki. Picha inayoonekana ya furaha ni ya miti itakayokatwa. Hisia ya picha na maana yake si lazima zielekee upande mmoja, na kwa hizi mbili zinapishana kabisa. Hisia humpata mtu mlangoni, kabla hajavua viatu. Maana humjia taratibu, pengine baada ya mwezi wa kuitazama picha wakati wa kunywa chai. Anayenunua picha kwa ajili ya wageni ananunua hisia zaidi, na anayenunua kwa ajili yake mwenyewe afadhali ajali maana, kwa sababu hisia ya kwanza huzoeleka na kufifia.

Mwanga unahitaji maneno kidogo, kwa kuwa ndio unaobeba saa ya siku, na saa ya siku ndiyo inayobeba hisia kuliko majani. John Constable, Mwingereza aliyetumia miaka ya 1821 na 1822 akichora mawingu karibu kila alipopata nafasi, alimwandikia rafiki yake kwamba katika picha ya mandhari anga ndilo kiungo kikuu cha hisia. Mchoraji wa njia amelijua hilo, na amejua pia tulipo. Mwanza iko karibu nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa Ikweta, jua hupanda wima haraka, na vivuli virefu vya asubuhi havidumu. Ikifika katikati ya asubuhi vimekwisha kufupika. Vivuli vilivyolala juu ya njia nzima vinatuambia kwamba ni mapema sana, na vimetiwa rangi ya zambarau iliyochanganywa na buluu, wala si nyeusi, ndiyo maana udongo mwekundu uliopo kati yake unaonekana kuwaka. Sehemu hiyo, kipande cha chini kushoto chenye ukubwa wa viganja viwili, ndiyo iliyochorwa vizuri kuliko zote katika picha hizi mbili.

Sehemu nyingine za njia hazijafikia hapo. Mashina ya upande wa kushoto yamepangwa kwa nafasi zinazolingana mno, hata jicho linayahesabu badala ya kuyapita, na magamba yanayobanduka ya mikaratusi, ambayo kwa asili yana rangi ya waridi, kijivu na hudhurungi kwa pamoja, yamefanywa kwa mpigo mmoja wa brashi uliorudiwa kila shina. Mwanamke mwenye ndoo ni yule yule tunayemwona katika picha nyingi zinazouzwa kwa watalii: hana uso, hana uzito, na shingo yake haionyeshi kwamba ndoo ina maji. Kama asingekuwapo, njia ingebaki kwa ajili yetu.

Mkuyu una kasoro moja, nayo ni anga. Chungwa linayeyuka kuwa zambarau kwa ulaini unaopendeza kupita kiasi, na anga la namna hiyo tumeliona kwenye kalenda nyingi mno. Lakini chini yake kuna jambo lililonifanya niikaribie picha mara ya pili. Kileleni mwa jabali la kulia kuna michirizi myeupe inayoteremka, ambayo kwa mbali mtu hudhani ni mwanga wa jua. Si mwanga, jua liko nyuma, na upande huo ungepaswa kuwa giza. Ni kinyesi cha mnandi, ndege wanaotua kwenye mawe ya ziwa letu, kama anavyoweza kushuhudia mtu yeyote anayevuka kwenda kisiwa cha Saanane. Mchoraji aliyekuwa akitaka kuuza machweo tu asingeuweka uchafu huo. Michirizi hiyo inaurudisha mti wote kwenye ulimwengu wa kweli, na inajibu pia lile la upweke: mti una wageni wake kila siku, ila sisi tumefika baada ya wao kuondoka.

Kuna aliyetushauri tuache zote mbili tununue picha ya Tingatinga yenye mbuyu na wanyama. Mtindo huo, ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, una nguvu yake, lakini rangi zake bapa zinazong'aa na mti usio na kivuli havikukusudiwa kutoa saa ya siku wala hali ya hewa. Huchangamsha ukuta, na wenye watoto wadogo watafurahi. Kwa anayetafuta mandhari ya kuingia na kukaa ndani yake, hilo ni hitaji jingine.

Sasa ukuta wenyewe. Sebule ya Nyegezi ni nyembamba na ndefu, mlango uko mwisho mmoja na ukuta wa picha mwisho wa pili, na madirisha makubwa yanaelekea magharibi. Umbo la chumba linaipendelea njia, kwa kuwa picha yenye kina hukirefusha chumba na kumvuta anayeingia, ilhali mkuyu ungekuwa kama pazia lililofunga mwisho wa chumba. Mwanga nao una kauli. Familia hukaa sebuleni zaidi usiku, chini ya balbu nyeupe zenye kuelekea ubuluu, na chini ya mwanga huo rangi za chungwa za machweo hupoa, huku umbo jeusi la mti likigeuka doa kubwa jeusi ukutani. Njia huumia kidogo tu, kwa kuwa vivuli vyake tayari ni vya buluu. Aliye na balbu za manjano, au chumba kinachopata jua la asubuhi bila kulifikisha kwenye picha, atapata matokeo tofauti kabisa na haya.

Kwa sebule ile, basi, nilipendekeza njia ya mikaratusi, huku nikisema wazi kwamba kwa uchoraji na kwa maana mkuyu ni picha bora zaidi. Mdogo wangu hakulipenda jibu hilo, na sikutarajia alipende. Kama ningekuwa nachagulia ofisi ya mtu mmoja, chumba cha kusomea, au ukuta wa mahali pa kulia chakula ambapo watu wale wale hukaa kila siku mkabala nao, ningechukua mkuyu bila kusita. Kwa sehemu ya kusubiria wagonjwa ningerudi kwenye njia, maana anayesubiri majibu ya vipimo hana mwezi mzima wa kuuelewa mti uliosimama peke yake, na hisia ya mlangoni ndiyo yote atakayoipata. Kwa nyumba ya mzee aliyestaafu nisingeamua kabla ya kumwuliza. Nimewaona wazee wanaojiona katika mti ule na kufurahi, na wengine wanaojiona humo na kugeuza kiti.

Mnunuzi mwenye nafasi amwombe mchoraji amruhusu kukaa na picha nyumbani usiku mmoja, hata kwa kuacha dhamana, kisha aisimamishe mahali itakapotundikwa na kuitazama mara tatu: mchana mapazia yakiwa wazi, jioni jua linapoingia, na usiku balbu zikiwa zimewashwa. Aangalie pia kama jua la saa kumi linaufikia ukuta huo moja kwa moja, kwa sababu baadhi ya rangi za bei nafuu, hasa nyekundu na njano, hupauka, na picha ya machweo iliyopoteza nyekundu yake huwa ya hali ya hewa nyingine. Taa iliyo karibu na dirisha la upande wa ziwa huvuta wale wadudu wadogo wanaokuja kwa makundi, nao huacha madoa, kwa hiyo kanvasi isiyo na kioo ipakwe vanishi ili iweze kufutwa kwa kitambaa laini. Fremu iwe nyembamba, ya mbao ya kawaida. Ile ya dhahabu yenye maua inayopendwa na mafundi wetu itaongeza uzito mahali ambapo njia inahitaji uwazi, na kwa mkuyu itaongeza utamu kwenye anga ambalo tayari limeuzidisha.